Lenzi ya Dingi, Bodi ya Mtoto wa Mjini

Oya, tuwekane sawa kwanza. Ukiona chalii anakatiza Double Road pale Moshi na kamera ya Sony shingoni, halafu mbele ya hiyo Sony kuna lidude la chuma lililoandikwa kwa herufi za Kirusi, usimcheke. Hajafulia huyo. Kashtuka mapema. Wa kuchekwa ni yule mwenye lenzi mpya ya mkopo, anayetoa rejesho kila Jumatatu, na picha zake huwezi kuzitofautisha na za chalii mwingine yeyote kuanzia Himo mpaka Boma Ng'ombe.

Ndiyo habari ya mjini hiyo. Lenzi za kizee kwenye kamera za kileo, katikati kipete cha chuma kinaitwa adapta.

Tuanze na mkwanja, maana sisi ni watu wa Kilimanjaro, tusizugane. Sony walipoitoa lenzi ya 50mm f/1.2 GM mwaka 2021 waliitia bei ya dola 2,000. Kwa madafu ni kama milioni 5. Milioni 5, arifu! Hiyo ni bodaboda mpya ya kwenye boksi, na chenji inanunua ndafu na kreti za mtaa mzima. Sasa geukia upande wa pili. Helios 44-2, milimita 58, f/2, mzigo wa Mrusi, mtandaoni inacheza dola 50 mpaka 100 kutegemea na mwenye nayo alivyoitunza. Adapta yake ya kawaida ya Mchina, kama zile za K&F Concept, ni dola 20 mpaka 40 hivi. Jumla laki 4 hufiki. Inayobaki unakula mtori.

Mzee wako akisikia atauliza, "Sasa kama ni ya zamani, si imeshaharibika?" Mwache. Huyo huyo ana redio ya National ya enzi za Azimio la Arusha, na kila kikao cha familia anakumbusha kwamba haijawahi kwenda kwa fundi.

Swali la maana ni hili: kwa nini sasa hivi, na siyo miaka ile ya DSLR? Jibu ni kioo. Kamera za filamu za SLR, na DSLR zilizofuata, zina kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza. Kioo kinataka nafasi ya kuruka. Kwa hiyo kati ya kitako cha lenzi na filamu wenye viwanda waliacha uwazi mrefu. Nikon F milimita 46.5. M42, zile za kukaza kwa skurubu, 45.46. Canon EF 44. Minolta 43.5. Canon FD 42. Lenzi ikatengenezwa ikijua itakaa umbali huo na siyo mwingine.

Kamera za mirolesi zikaja, zikang'oa kioo. Uwazi ukanywea. Sony E milimita 18, Canon RF 20, Nikon Z 16. Sasa lenzi ya dingi inataka kukaa mbali, na bodi ya mtoto wa mjini ni nyembamba. Unafanyaje? Unaisogeza mbele. 46.5 toa 18, unabaki na 28.5. Hicho ndicho kimo cha adapta ya Nikon F kwenda Sony, hesabu ya darasa la nne. Ndani hakuna glasi, hakuna waya, hakuna chipu. Bomba tupu! Ukiona mtu anakuuzia adapta ya aina hiyo kwa laki 3 anakwambia ina teknolojia, mwambie teknolojia gani, hewa?

Kwenye DSLR mchezo huo ulikuwa unakataa kwa lenzi nyingi. Canon FD ilitaka milimita 42 na bodi ya EF imeshakula 44, utapitia wapi? Ukichomeka hivi hivi mlima huupati, unapata pua ya mtu tu. Ndiyo maana lenzi za FD zilikaa miaka zikiuzwa bei ya chapati. Halafu Panasonic wakatoa mirolesi yao, G1, mwaka 2008, Sony wakaja na NEX mwaka 2010, na mwaka 2013 Sony wakaachia A7 yenye sensa saizi ile ile ya mkanda wa filamu, milimita 36 kwa 24. Hapo vioo vyote vya zamani duniani vikafufuka, na bei nazo zikafufuka. Canon na Nikon wakaja na zao za saizi hiyo mwaka 2018, wamechelewa kama mgeni rasmi.

Hapo kwenye saizi usijichanganye. Kama bodi yako ni ya sensa ndogo, mfano Sony a6000 ambazo zimejaa mjini, zidisha kwa moja na nusu. Helios ya 58 inaona kama 87. Kwa sura ya mtu mmoja, mzuka. Kwa familia ya Kichaga iliyopangwa sebuleni na bibi katikati, itabidi utoke mlangoni, ushuke ngazi, uingie kwenye migomba, ndio uwaenee. Na lazima uwaenee, maana unajua sheria ya wazee: miguu ionekane. Kwa mzee, picha isiyo na viatu siyo picha, ni ushahidi wa polisi.

Haya, adapta. Nyingi ni magumashi, na hapa ndipo machalii wa Moshi tunawaacha mbali watu wa Dar. Wao kupima adapta mpaka wasubiri meli ipite upeo wa bahari. Sisi tuna Kibo.

Sikiliza vizuri, hii ni elimu ya bure. Kwenye pete ya fokasi kuna alama ya nane iliyolala. Maana yake mbali kabisa, mwisho wa reli. Adapta ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, hata kwa unene wa karatasi, lenzi haifiki hapo. Utapiga kikombe cha kahawa, fresh. Utapiga sura ya mshkaji, fresh. Ukigeukia mlima, uji. Adapta ikiwa fupi kidogo, kinyume chake: inafika na kupitiliza. Ukizungusha pete mpaka igonge mwisho, mlima ni uji. Ukiirudisha nyuma unywele mmoja, mlima unakaa. Wachina wengi wanazikata fupi makusudi, bora ipitilize kuliko isifike. Kwa hiyo usigongeshe pete mwisho halafu ukaanza kumtukana Mrusi wa watu.

Jinsi ya kupima. Amka saa 12 asubuhi, Kibo hajajifunika. Kutoka mjini mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa mstari ulionyooka ni kilomita kama 30, na kwa lenzi ya 50 hapo ni mbali kabisa bila mjadala. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Fungua tundu la lenzi lote. Kuza picha kwenye skrini mpaka uone pale barafu inapokutana na mwamba. Zungusha pete taratibu. Ukingo ukikaa mkali kabla pete haijagonga, adapta nzima, lipa watu hela yao. Halafu mweke Kibo kona ya kushoto ya fremu, piga. Mweke kona ya kulia, piga. Upande mmoja mkali na mwingine uji? Kama siyo lenzi iliyoanguka, adapta imepinda. Umepigwa.

Saa 4 umechelewa. Kibo kashaingia kwenye mawingu, na hatoki mpaka jioni, akijisikia. Ana mapozi kuliko mabishoo wote wa Shanty Town ukiwajumlisha.

Ukishapita hapo kuna janga la kipini. Lenzi nyingi za M42 za miaka ya 70 na 80 zina kipini kidogo nyuma. Kamera ya zamani ilikuwa inakisukuma ili tundu lifunge wakati wa kupiga. Adapta ya bei chee haikisukumi, kwa hiyo unazungusha f/8 mpaka kidole kiume na tundu liko wazi tu, linakuangalia. Baadhi ya lenzi zina kiswichi cha A na M pembeni: weka M, umemaliza. Zisizo na kiswichi, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaokandamiza kipini. Helios 44-2 haina habari hizo. Ina pete mbili za tundu na hakuna kipini. Ya kishamba, lakini inakubali kila kitu.

Na bodi yenyewe ina wenge lake. Ukichomeka bomba tupu, kamera inadhani haina lenzi, inagoma kupiga. Usikimbilie kwa fundi. Ingia kwenye menyu, washa ruhusa ya kupiga bila lenzi. Kwenye Sony, Fuji na Canon ipo. Washa pia ile rangi inayowaka kwenye vitu vilivyokaa kwenye fokasi. Chagua nyekundu, njano inapotelea kwenye majani. Kama bodi yako inatuliza mtikisiko yenyewe, iambie lenzi ni ya milimita ngapi, maana lenzi ya mwaka 1978 haiwezi kujitambulisha.

Nimesema 1978 siyo kwa kubahatisha. Kwenye lenzi nyingi za Mrusi, namba mbili za mwanzo za seriali ndizo mwaka. Inaanzia 78? Imezaliwa mwaka wa vita ya Kagera. Ukimwonyesha mzee hapo ndipo utakaposikia hotuba ambayo hukuiomba, na utaisikiliza mpaka Idi Amin akimbie.

Sasa mizigo yenyewe ilifikaje huku mgombani? Njia zipo nyingi. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wanapiga picha mlimani huku tangu enzi za Mjerumani, kwenye sahani za kioo. Baadaye ikaja hela ya kahawa, wakati ushirika wa KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, ndio unasomesha watoto wa mlimani. Halafu zikaja skolashipu za Mashariki. Chuo cha Patrice Lumumba kilifunguliwa Moscow mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Ujerumani Mashariki nao walikuwa marafiki. Zanzibar iliwatambua mwaka 1964 wakati mabwana wakubwa wamenuna. Vijana wa Kitanzania wakaenda huko. Wengine wakarudi na digrii, na koti zito la kuvaa Machame peke yake, na Zenit au Praktica kwenye begi. Ikapiga ubatizo mmoja, kipaimara kimoja, filamu ikawa ghali, ikalala kabatini.

Pale ndipo penye dhahabu, mwanangu. Siyo kwenye bodi, bodi ya Zenit weka kwenye rafu uuzie sura. Vioo. Zenit mara nyingi inakuja na Helios. Praktica inakuja na Pentacon 50mm f/1.8 ya Mjerumani, ambayo inasogea mpaka sentimita 33 kutoka kwenye kitu. Kwa punje ya kahawa nyekundu bado iko kwenye tawi, hiyo ndiyo yenyewe. Au ukiwa umeoga vizuri, Carl Zeiss Jena. Ukienda soko la Memorial au Kiboriloni siku ya mnada, chini ya lundo la mabegi na mikanda ya mtumba, mara moja moja kinatokea kimoja. Muuzaji hajui ni nini. Usimsaidie kujua. Mwambie unatafuta kioo cha kuwashia moto.

Kabla hujatoa hela, toa simu. Washa tochi, imulike kutoka nyuma ya lenzi, tundu likiwa wazi, wewe uchungulie kwa mbele. Vumbi vumbi kausha, haionekani kwenye picha. Ukiona vinyuzi vyeupe vinatambaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Kuvu inakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo, na ikishakula haina dawa, fundi ataisafisha lakini kovu linabaki. Na sisi huku juu ndio makao makuu ya kuvu. Marangu, Kibosho, Machame, Juni na Julai ukungu unaingia mpaka ndani ya soksi. Dingi aliitunza lenzi yake kwa heshima zote, ndani ya lile kasha la ngozi, ndani ya kabati la mninga, juu ya suti ya harusi. Heshima hiyo ndiyo imeiua. Ngozi inanyonya unyevu na kuvu inapenda giza. Wewe toa lenzi kwenye kasha, weka kwenye dishi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wachuuzi wa viatu pale mjini wanavitupa. Okota.

Zungusha pete ya fokasi pia. Ikiwa ngumu, grisi imekauka, inarekebishika. Angalia visu vya tundu: viking'aa mafuta vitanata. Usimpelekee fundi saa akwambie "hii ndogo tu." Ataifungua kweli. Kuifunga ndiyo kikao kingine.

Kuna moja ya kuchekesha, Super-Takumar 50mm f/1.4 ya Pentax. Toleo lake la baadaye lina thoriamu ndani ya kioo, madini yenye mnunurisho. Kwa kazi ya kawaida haikufanyi kitu, ila usilale nayo chini ya mto. Shida yake ni kwamba kioo kinageuka njano kadiri miaka inavyokwenda, picha zinatoka rangi ya chai ya maziwa. Dawa? Jua. Siku kadhaa kwenye mwanga mkali, njano inapungua. Wazungu wananunua taa maalumu za kuiponya. Sisi tuna Moshi ya Januari, jua la bure, na bati. Weka tu karatasi ya foili chini yake na uifunike upande mmoja, maana lenzi kwenye jua inachoma, usije ukaunguza jiko la bibi halafu uanze kuelezea thoriamu kwenye kikao cha ukoo.

Twende kwenye utamu. Watu wanaifia Helios kwa sababu ya mzunguko. Ukifungua f/2, mtu yuko katikati, nyuma yake vitone vya mwanga vinajipinda na kuzunguka kichwa chake. Ni nakala ya Biotar ya Carl Zeiss, Mrusi aliichukua baada ya Vita ya Pili ya Dunia akaifyatua kwa mamilioni. Kiufundi huo mzunguko ni kasoro. Kwenye lenzi za kisasa mainjinia wamelipwa kuiondoa. Sasa machalii wanailipia irudi. Dunia ndiyo hiyo.

Lakini mzunguko hautoki kila mahali, na wengi wanaununua halafu wanalia. Unataka majani yenye matobo, mwanga unapenya kutoka nyuma, na nafasi ya mita kadhaa kati ya mtu na majani. Yaani nini? Kihamba! Migomba juu, kahawa chini, jua la saa 10 jioni linachungulia katikati. Hakuna studio duniani iliyojengwa kwa ajili ya Helios kama shamba la babu yako Uru. Msogeze mtu hatua mbili mbele ya migomba, wewe kaa mita moja na nusu, jua likiwa nyuma yake pembeni, f/2, imetoka. Ukishuka Mabogini kwenye mpunga, mbingu tupu, hupati kitu. Lenzi siyo mganga.

Materuni napo kwenye maporomoko ni patamu. Vioo hivi vina kinga nyembamba ya enzi zile, mwanga ukiingia kutoka mbele rangi zinapauka, duara za upinde wa mvua zinajitokeza. Ukijua kuutumia unaonekana msanii. Usipojua, kaa na mkono wako juu ya lenzi kama kofia.

Sasa nakwambia ukweli ambao wauzaji hawakwambii. Usiende na Helios peke yake kwenye harusi ya watu. Kabisa. Hakuna otofokasi. Maharusi wanaingia ukumbini na wimbo, MC anapiga kelele, kamati ya harusi yote imesimama njiani, ndafu inaingia imebebwa na mpishi anayecheza, na majani mdomoni. Hiyo ndafu haikusubiri uzungushe pete. Kwenye f/2 ukikosea kidogo tu unapata pembe kali na bwana harusi uji, na ndugu zake walichanga. Kipaimara vilevile: Desemba, watoto wamevaa meupe, kila shangazi kapanda kutoka Dar, askofu anaweka mkono mara moja na hairudiwi. Hapo weka lenzi ya kisasa, hata ile ya bei ya chini ya f/1.8 yenye otofokasi, piga kazi, ulipwe. Wakimbiaji wa Kili Marathon wakitimka pale Ushirika, hivyo hivyo.

Ya dingi unaitoa baadaye. Bibi harusi ametulia. Mtoto amekaa kwenye kigoda anasubiri soda. Babu na kibuyu cha mbege. Hapo una muda, na ule uzito wa kuzungusha pete unakufanya uangalie kabla ya kubonyeza. Mteja anapokea picha mia tatu za kawaida na saba za mzunguko, na ataposti zile saba. Nyingine zote zinaingia albamu ya mzee, kwa sababu gani? Miguu inaonekana.

Zipo adapta za kujifanya janja pia. Techart ya kwenda Sony inaisogeza lenzi yenyewe mbele na nyuma kwa mota, mzigo wa dingi unapata otofokasi. Nyingine, kama Metabones za mwaka 2013, zina glasi ndani inayobana picha ili lenzi ionekane pana zaidi kwenye sensa ndogo, na mwanga unaongezeka. Vitu vikali. Ila bei zake ni mia za dola, na ukishatoa hela hiyo umeshasahau kwa nini ulinunua lenzi ya laki na nusu. Mimi naiita kutoka kwenye umaskini na kurudi kwa mlango wa nyuma.

Na mlimani juu je? Kuna wana wanabeba mizigo ya wageni njia za Marangu na Machame, wanauliza kama hizi zinapanda. Zinapanda, kwa sharti. Lenzi haina umeme, haina cha kufa kwa baridi, lakini usiku wa kwenda kileleni nyuzi zikishuka chini ya sifuri, grisi ya zamani inakakamaa na pete inagoma, na wewe una glavu mbili. Haina kinga ya maji, na siku ya kwanza ni msitu unaodondosha maji. Ukishuka kwenye changarawe, vumbi linaingia kila tundu. Betri ya bodi nayo, baridi inaimaliza, iweke ndani ya koti karibu na mwili. Ukiwa kazini kama mgumu, yaani mpagazi, na kilo zako 20 za mzigo wa watu, chuma cha ziada cha gramu mia tatu utakihesabu kila hatua. Mimi naona ibaki kambi ya Horombo kushuka chini, kwenye misitu siku isiyo na mvua na sura za watu. Kileleni piga na simu, mgeni anataka bango tu.

Mwisho, mambo ya aibu, ili usituchomeshe. Aibu namba moja ni kutembea na Helios shingoni mwaka mzima na huna picha hata moja. Kununua feki ya rangi ya dhahabu kwa sababu imeandikwa Zeiss, nayo ni aibu. Kupiga kila kitu f/2, mpaka mchemsho, mpaka kitambulisho. Kuongeza mzunguko kwa programu ya simu halafu unasema ni lenzi. Tunakuona, mwana, vitone vyote vina saizi moja. Kununua adapta Kariakoo bila kuuliza ni ya kitako gani na bodi gani, unarudi nayo Moshi haiingii popote. Na aibu kubwa kuliko zote ni kumwomba dingi ushauri. Atakwambia ungesomea uhasibu.

Kwa hiyo Desemba ukipanda nyumbani, kabla hujakalia kiti na kabla supu haijafika, omba funguo za kabati. Sema unatafuta cheti cha ubatizo. Angalia nyuma ya suti, kwenye kasha la ngozi, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita na mizani yake. Mulika tochi. Ikiwa na kuvu, mwachie mzee kumbukumbu zake. Ikiwa safi, hasa ikiwa imeandikwa FD 50mm f/1.4, nitumie picha mimi kwanza, usimpostie mtu mwingine. Bei tutaongea.